Waya wa sikioni unapita wapi? Daktari anajibu maswali yenu kuhusu implanti ya koklea

Wapenzi wasomaji, toleo lililopita niligusia kidogo tu hii implanti ya koklea, kile kifaa kinachowekwa ndani ya sikio kuwasaidia watu ambao mashine za kawaida za masikio zimeshindwa, na barua zimemiminika. Nyingi zinauliza hospitali gani na bei gani, hayo leo siyagusi. Nimechagua zile zinazouliza kitu chenyewe kinaingiaje na ndani ya sikio kuna nini, maana nimegundua watu wengi wanasaini fomu ya oparesheni bila kujua sikio lao lina nini ndani. Zingine nimezifupisha, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 10, amepimwa mara kadhaa wamesema hasikii masikio yote mawili, mashine za masikio tumejaribu wapi. Sasa wanataka apigwe CT scan na MRI, zote mbili, na kwa hiyo MRI lazima apewe dawa ya usingizi. Mi naona kama wanamtesa tu, kwani si tayari wanajua hasikii? Na masikio yake ukiyaangalia ni mazuri kabisa hayana kasoro.

JIBU: Marahaba mama. Hofu yako ina maana, kumlaza mtoto mdogo usingizi si jambo la mchezo na ukiuliza maswali mengi uko sawa. Ila kipimo cha kusikia kinakwambia tu kwamba mtoto hasikii, hakikwambii ndani kukoje, na hii oparesheni inategemea ndani kukoje kuliko kitu kingine chochote.

Hilo sikio unaloliona zuri ni la nje, kazi yake kukusanya sauti basi. Sauti ikiingia inagonga ngoma ya sikio, ngoma inatikisa vimifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku (kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake milimita 3 hivi), na kikuku kinasukuma kidirisha chenye umbo la yai kwenye ukuta wa sikio la ndani. Kuanzia hapo hamna hewa tena, ni maji matupu. Sikio la ndani lote limejaa maji na limechimbiwa ndani ya mfupa ambao kwa ugumu hauna mpinzani mwilini. Upande wa nyuma kuna mifereji 3 ya kutupa mizani tusianguke, na upande wa mbele ndo kuna koklea, mrija uliojisokota kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu hivi, upana wake kwenye kitako kama milimita 9, na ukiunyoosha wote unapata kama milimita 35, ingawa watu wanatofautiana.

Sasa huo mrija ndani yake una vyumba vitatu vinavyopanda sambamba kuelekea kileleni. Cha juu na cha chini vina maji ya aina moja, yanafanana na yale yanayozunguka ubongo, cha katikati kina maji yake tofauti yenye potasiamu nyingi sana. Ndani ya cha katikati, juu ya utando mwembamba, zimepangwa seli zenye vinyweleo, safu moja ya ndani ina seli kama 3,500 na safu za nje zina kama 12,000. Maji yakitikisika utando unatikisika, vinyweleo vinapinda, seli inaamsha neva, neva inapeleka habari kwenye ubongo, na hapo ndo unasema umesikia. Seli hizo zikifa kwa binadamu hazioti tena. Na kwa watoto wengi wanaozaliwa hawasikii tatizo liko hapo hapo kwenye seli, neva iliyo nyuma yake ni nzima.

Implanti inaziruka hizo seli. Waya mwembamba wenye vituo vya platinamu unasukumwa ndani ya chumba cha chini, kinaitwa skala timpani, na kila kituo kinatoa umeme kidogo unaoamsha neva moja kwa moja. Mama shika hili maana nitalirudia kwa wenzako humu chini: waya unafanya kazi ya seli za vinyweleo peke yake. Mrija lazima uwepo, chumba lazima kiwe wazi, neva lazima iwepo. Hayo matatu huyaoni kwa kumwangalia mtoto, unayaona kwenye picha.

CT inaonyesha mfupa, kwa hiyo umbo la koklea, mizunguko imetimia au haijatimia, neva ya uso inapita wapi, mishipa mikubwa ya damu iko mbali au imesogea njiani. MRI inaonyesha vitu laini, maji na neva. Kuna picha moja ya MRI ambayo mimi huwa naiangalia kabla ya zote, inakata kwa upana kile kimfereji cha mfupa kinachotoka sikioni kwenda kwenye ubongo. Maji yanaonekana meupe na katikati yake unahesabu nukta nyeusi 4: ya juu mbele ni neva ya uso, ya chini mbele ni neva ya kusikia, mbili za nyuma ni za mizani. Mwambie daktari wa mtoto akuonyeshe hiyo ya chini mbele, kila upande. Haichukui dakika moja na utatoka pale unajua zaidi ya wazazi wengi.

Halafu jambo la mwisho, usisubiri. Ubongo wa mtoto unajifunza lugha miaka ya mwanzo kabisa, Marekani mamlaka ya dawa ilianza kuruhusu watoto wa miaka 2 mwaka 1990, ikashuka hadi miezi 12 mwaka 2000, na mwaka 2020 ikashuka tena hadi miezi 9 kwa kifaa kimojawapo. Wameshusha umri kwa sababu wanaoanza mapema wanaongea vizuri zaidi.

SWALI: Mimi nasomea uuguzi mwaka wa pili. Nimeambiwa koklea iko ndani sana karibu na ubongo, je wanafungua fuvu? Na ni kweli mtu anaweza kupooza uso?

JIBU: Swali zuri mdogo wangu, na jibu ni kwamba hawagusi ubongo. Wanapita nyuma ya sikio. Weka kidole pale nyuma utagusa mfupa uliotuna, huo ndo mfupa wa mastoidi, na ndani yake si mzito, umejaa vijumba vidogo vidogo vya hewa. Ngozi inachanwa nyuma ya sikio, daktari anachukua drili na darubini anaondoa vile vijumba taratibu huku maji yanamwagiliwa mfupa usichemke, mpaka anaona mfereji wa mizani wa pembeni na ncha fupi ya fuawe. Hivyo viwili ndo alama zake za njiani. Akishavijua anajua neva ya uso inateremka wapi.

Sasa hapo ndo roho inashika. Ili afike kwenye sikio la kati bila kuharibu ngoma inabidi atoboe kidirisha kwenye mfupa katikati ya neva mbili. Upande wa ndani ni neva ya uso, inayotufanya tufumbe macho na kutabasamu. Upande wa nje ni kaneva kembamba kanachobeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, na juu kabisa kuna kipande cha mfupa kinachoshikilia fuawe. Nafasi yote hiyo ni milimita chache tu, na drili inayoingia pale ncha yake ni milimita moja au mbili. Daktari mzuri anapunguza mfupa juu ya neva ya uso mpaka unabaki ganda jembamba, neva inaonekana kwa mbali kama rangi ya waridi chini yake, anaacha hapo hapo. Haifunui.

Kwa hiyo ndio, kupooza uso kunawezekana lakini ni nadra sana, kwa mikono yenye uzoefu ni chini ya mtu mmoja kwenye mia. Tena siku hizi wanachomeka visindano kwenye misuli ya uso vilivyoungwa na mashine, drili ikisogelea neva mashine inalia. Ndo maana mtu wa usingizi anaombwa asimpe mgonjwa dawa ya kulegeza misuli inayodumu muda mrefu, misuli ikiwa imelegezwa mashine itanyamaza hata neva ikiguswa. Hilo ukija kufanya kazi chumba cha oparesheni utalikumbuka. Ile neva ya ladha inaguswa mara nyingi zaidi, mgonjwa analalamika ulimi una ladha ya chuma wiki kadhaa, wengi inaisha yenyewe.

Ukishapita hicho kidirisha unaona mbele yako ukuta wa koklea, na chini ya kikuku kuna shimo dogo lenye mdomo wa mfupa umelifunika. Huo mdomo unakwanguliwa taratibu na nyuma yake kuna utando, dirisha la duara. Nyuma ya dirisha la duara ni skala timpani moja kwa moja. Ndo mlango wenyewe. Wengine dirisha likiwa limekaa vibaya wanatoboa katundu pembeni yake kidogo, kote kunafika, ila ukitoboa juu mno unaingia chumba kisicho chake na hapo umeharibu.

Kwa watoto wachanga ongeza tahadhari moja, ile ncha ya mfupa wa mastoidi bado haijakua kwa hiyo neva ya uso inatokea juu juu karibu na ngozi, ukichana kama unavyomchana mtu mzima unaikata kabla hata hujaanza.

SWALI: Binti yetu ana mwaka mmoja na nusu, akiwekewa sasa hivi, akikua itabidi abadilishiwe waya mrefu zaidi?

JIBU: Hapana. Koklea inafikia ukubwa wake wa mwisho mtoto akiwa bado tumboni, ya binti yako na ya kwako ni saizi moja. Kinachokua ni fuvu na ule mfupa wa nyuma ya sikio, kwa hiyo daktari anaacha waya umelegea na kujizungusha ndani ya tundu alilochimba, mfupa ukitanuka waya unajifungua wenyewe pole pole. Kile cha ndani kinaweza kuharibika kikabadilishwa kama kifaa chochote, ila si kwa sababu amekua.

SWALI: Habari daktari. Mdogo wangu wa kiume miaka 6 aliugua homa ya uti wa mgongo, alipona lakini hasikii kabisa tangu atoke hospitali. Daktari wa masikio anatuharakisha sana anasema tuamue ndani ya wiki, siyo miezi. Familia wanasema tumwache kwanza apate nguvu, wengine wanasema huyu anatafuta hela. Tumwamini?

JIBU: Dada, mwaminini, na ikiwezekana onyesha familia haya maandishi leo leo. Uziwi wa aina nyingi ukisubiri miezi kadhaa hauharibu kitu kikubwa, huu hausubiri.

Bakteria wa uti wa mgongo wanatoka kwenye maji ya ubongo wanaingia sikio la ndani kwa njia ndogo zilizounganisha maji ya huku na ya kule, na moja ya hizo njia inafungukia kwenye skala timpani karibu kabisa na dirisha la duara. Kwa hiyo uvimbe unaanza pale pale mlangoni, chumba kile kile ambacho waya unatakiwa upite. Uvimbe ukipoa mwili unajaribu kuponya kidonda, unaweka nyuzinyuzi za kovu, na baada ya kovu unaanza kuweka mfupa. Mrija unazibwa. Kwa wengine hii inaanza ndani ya wiki chache tu tangu waugue, hasa kama alikuwa bakteria wa numokoko.

Chumba kikishajaa mfupa daktari hana pa kupitisha waya. Anaweza kuchimba kidogo mlangoni aone kama mbele kuko wazi, anaweza kujaribu chumba cha juu, kuna hata waya zilizokatwa mbili kwa ajili ya koklea zilizozibwa, lakini matokeo hayafanani na ya mrija ulio wazi. Na angalieni hapa, CT inaweza kusoma vizuri kabisa wakati kovu limeshaanza, maana kovu si mfupa, kwenye CT halionekani. Kwenye MRI ndo utaona maji meupe yamepungua sehemu fulani. Mkiambiwa CT ni safi msilale, ulizeni MRI inasemaje.

Ndo maana pia watawashauri masikio yote mawili kwa pamoja, si tamaa, ni kwamba sikio mtakaloliacha kwa baadaye huenda likawa halina njia tena. Na hata kama atawekewa, chanjo ya numokoko asikose, mtu mwenye implanti hatari yake ya homa hiyo ni kubwa kidogo kuliko wengine na kama muda unaruhusu chanjo hutolewa angalau wiki mbili kabla ya oparesheni. Nguvu atazipata tu, ni mtoto.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 67. Nasikia ngoma, nasikia gari likipita, mlango ukigongwa nageuka. Ila watu wakiongea najua wanaongea lakini sielewi wanachosema, wajukuu ndo kabisa. Wamesema nafaa kuwekewa implanti lakini mtu mmoja kaniambia nitapoteza hata hiki kidogo nilichobaki nacho. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Aliyekwambia hakukudanganya, lakini hakukumalizia.

Koklea imegawana kazi kwa sehemu. Pale mlangoni, kwenye kitako, ule utando ni mwembamba na umekaza, unaitikia sauti kali nyembamba hadi Hz 20,000 (yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde). Kadri unavyopanda kuelekea kileleni utando unapanuka na kulegea, unaitikia sauti nzito, kule juu kabisa Hz 20. Georg von Békésy aliyetazama mawimbi yakitembea kwenye huo utando alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi hiyo. Sasa uzee na kelele vinaanza kuua seli za mlangoni, za kileleni zinabaki mwisho. Ndo wewe huyo. Ngoma na gari ni sauti nzito, zinafika kileleni kwenye seli zilizo hai. Irabu nazo zina nguvu huko kwenye sauti nzito kwa hiyo unazisikia, lakini herufi kama s, f, t na k zinaishi kwenye sauti za juu ambako kwako kumekufa. Mjukuu akisema saa, au taa, au kaa, wewe unapata "aa" tu. Na ukiongeza sauti kwenye mashine unaongeza "aa" ile ile ikupigie kelele, s haiji, hamna seli ya kuipokea. Wajukuu wana sauti nyembamba na wanaongea haraka, ndo wanakushinda zaidi.

Kwa bahati nzuri waya unaingilia mlangoni, yaani unaanzia pale pale penye seli zilizokufa. Kwa mtu kama wewe wanaweza kuchagua waya usioenda mbali sana, chini umeme unafanya kazi, juu kileleni unaendelea kusikia kwa seli zako mwenyewe ukisaidiwa na mashine, yote kwenye sikio moja. Ikifaulu inapendeza sana, hasa kwenye muziki na kwenye kelele za watu wengi.

Lakini kufaulu hakuna uhakika. Utando ule ni laini mno, na waya ukisukumwa kwa nguvu unaweza kuupasua ukarukia chumba cha juu, hapo yale maji ya aina mbili yanachanganyika na seli zilizobaki zinakufa, tena hata maneno ya kwenye implanti yanakuwa hayako wazi kama yangekuwa waya umetulia chumba chake. Na hata waya ukiingia vizuri, mwili unaweza kuweka kovu kuuzunguka na kusikia kukapungua miezi kadhaa mbele. Kwa hiyo muulize daktari wako maswali ya kazi: anaingilia dirisha la duara? anatumia waya laini? anausukuma pole pole kwa dakika kadhaa au anaumaliza mara moja? anatoa dawa ya steroidi? Akikujibu bila kukasirika huyo ni wako.

Ukiniuliza mimi, naangalia unaelewa maneno mangapi ukiwa na mashine nzuri iliyorekebishwa vizuri. Kama ni machache sana basi unachohatarisha ni ngoma na gari, unachotafuta ni wajukuu. Ila mashine iwe imejaribiwa kweli kweli, siyo ile ya kununua ukaiweka kabatini.

SWALI: Mtoto wetu picha zimesema ana "Mondini" sikio la kulia, na la kushoto wamesema neva haionekani. Tumechanganyikiwa, je kuna matumaini?

JIBU: Poleni, mmepewa majibu mawili tofauti na inaelekea mmeyasikia kama moja.

La kulia: Carlo Mondini alikuwa Muitaliano aliyeeleza koklea ya aina hii mwaka 1791, haijakamilika mizunguko, badala ya miwili na nusu ni kama mmoja na nusu, na kule juu vyumba vimeungana kwa kukosa ukuta. Kule chini kwenye kitako mambo mara nyingi yako sawa na seli za neva zipo, kwa hiyo watoto wa Mondini wanawekewa na wengi wanafanya vizuri. Mara nyingi inakuja pamoja na mfereji mmoja wa sikio la ndani uliopanuka kuliko kawaida, na wenye huo mfereji kusikia kwao kunaweza kushuka ghafla baada ya kugonga kichwa, basi mchungeni michezo ya kugongana vichwa. Daktari naye atajiandaa kwa maji, kwa sababu koklea zenye kasoro wakati mwingine ukizifungua maji yanachuruzika, kuna aina moja ya urithi, inawapata zaidi wavulana, ambayo maji ya ubongo yanabubujika kama bomba na inabidi tundu lizibwe kwa kipande cha nyama kuuzunguka waya. Inatisha kuisikia lakini ikijulikana mapema kwenye picha inadhibitika.

La kushoto ndo gumu. Neva isipokuwepo kabisa waya hauna wa kumwambia kitu, utawasha umeme ndani ya mrija na hakuna kinachosafiri. Kabla ya kukata tamaa hakikisheni MRI ilipigwa na mashine yenye uwezo wa kuonyesha zile nukta nne, na kwamba amepimwa kwa vipimo vya kusikia kwa makini, maana "haionekani" na "haipo" si kitu kimoja, nyembamba sana inaweza isionekane. Ikithibitika haipo, au ikiwa koklea yenyewe haikuumbika kabisa, kuna kifaa kinachowekwa kwenye shina la ubongo moja kwa moja, hiyo ni oparesheni ya kufungua fuvu, nzito zaidi, na kwa kawaida kusikia kwake hakufikii kwa implanti. Kwa mtoto wenu mimi ningeanza na kulia, na lugha ya alama asinyimwe wakati anasubiri, haizuii kuongea hata kidogo.

SWALI: Nimefanyiwa siku 5 zilizopita, chumba kinazunguka nikigeuka. Wameniharibu?

JIBU: Pengine hapana. Vile vifaa vya mizani vinakaa nyumba moja na koklea na vinatumia maji yale yale, ukifungua huku kule wanapata habari. Kwa wengi kizunguzungu kinapoa ndani ya siku au wiki. Ila ukiona kinazidi, au una homa, shingo inakaza, maji yanatoka puani au sikioni, au uso umelegea upande mmoja, usisubiri miadi, nenda sasa hivi.

SWALI: Mke wangu amewashiwa implanti wiki iliyopita. Kwenye video za mtandaoni watu wanawashiwa wanalia kwa furaha wanaelewa kila kitu. Wangu alianza kulia kweli lakini kwa uchungu, anasema watu wote wanaongea kama roboti au kama panya, hata sauti yangu haitambui. Kwani waya umekaa vibaya?

JIBU: Ndugu yangu hizo video zinakatwa. Hawakuonyeshi miezi inayofuata.

Fikiria alichokuwa nacho: seli 3,500 za ndani, nyuzi za neva kama 30,000. Alichopewa: vituo 12 hadi 22 kutegemea kampuni, na hivyo vituo viko ndani ya maji ya chumvi, umeme unasambaa pembeni, kituo kimoja kinaamsha na neva za jirani. Kwa hiyo sauti inafika ikiwa imekatwa vipande vichache vinene, ndo uroboti huo. Halafu waya haufiki kileleni kabisa. Sauti nzito ya kiume kama yako, ambayo zamani iliamsha neva za kule juu, sasa inaletwa sehemu ya chini yake ambayo ubongo unaijua kama sauti nyembamba. Ndo upanya.

Sasa shukuru hata kwa hivyo vichache. Madaktari Djourno na Eyriès walipojaribu kifaa cha aina hii kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1957, na mwenzao William House Los Angeles mwaka 1961, kilichowezekana kilikuwa sauti na mapigo yake tu, mtu anajua umeanza kuongea na umemaliza, inamsaidia kusoma midomo. Kifaa cha kwanza kuruhusiwa Marekani mwaka 1984 kilikuwa bado cha kituo kimoja. Daktari Graeme Clark kule Melbourne mwaka 1978 aliweka cha vituo vingi kwa sababu alitaka kutumia ule mgawanyo wa koklea, sauti nyembamba mlangoni na nzito ndani, na hapo ndo watu walianza kuelewa maneno bila kuangalia mdomo.

Kuhusu waya kukaa vibaya, swali hilo lina majibu ya haraka. Kwenye oparesheni yenyewe walipima kila kituo kama kinapitisha umeme na kama neva inaitikia, na mara nyingi wanapiga eksirei kuona umejizungusha vizuri au ncha imejikunja ndani. Omba uonyeshwe. Kama viko sawa basi kinachobaki ni urekebishaji, yule mtaalamu wa usikivu anaweka kwa kila kituo kiasi kidogo anachosikia na kiasi kikubwa anachovumilia, na vinabadilika wiki hizi za mwanzo kwa hiyo msikose miadi hata moja. Mwambie mkeo asiseme tu "sauti mbaya", aseme ni mlango unaomchoma, ni sahani, ni sauti ya nani, fundi apate pa kushika. Akihisi jicho au shavu linacheza kituo fulani kikiwaka aseme pia, umeme unavujia neva ya uso inayopita hapo jirani, kituo hicho kinapunguzwa au kuzimwa na maisha yanaendelea.

Nyumbani mkae chumba kimya, redio zima, umsomee kitu huku anafuata maandishi kwa macho, nusu saa kila siku, kisha bila maandishi. Na avae kile kipande cha nje cha kifaa kutwa nzima hata kama kinamuudhi, akikivua kila akichoka ubongo unaanza upya.